Bei ya Jicho la Baba

Alhamisi, 10 Oktoba

Mbio za farasi leo, uwanja wa Thurles. Mvua asubuhi, jua saa nane mchana, halafu mvua tena. Nimechoka, lakini hili naliandika leo leo, maana kesho nitajiambia nimekosea.

Baba haoni.

Pale farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, tuliegemea reli kama kawaida. Tangu Machi ananiuliza maswali hapo — anadai ananifundisha — na kila ninachosema anakibisha. "Haya, Ita, yule mwekundu, namba nne. Yukoje?"

Namba nne ni wa kijivu. Karibu mweupe! Alikuwa amesimama mbele yetu, ningeweza kumgusa pua.

Sikumsahihisha. Nikajibu: jasho limemjaa shingoni, anarusha kichwa, anayemshika anahangaika naye. Na namba saba je? akauliza. Huyo katulia, hatua zake ndefu, na leo udongo ni tope, anapenda tope. "Tumbo," Baba akasema. "Mnene huyo." Halafu akaenda moja kwa moja kwa Con Hession, mpokea dau wake wa miaka yote, akamwekea dau huyo huyo mnene. Sita kwa moja, yaani ukiweka moja unapata sita.

Kashinda! Nilipiga kelele mpaka padri mmoja akageuka. Baba hakutikisika, yeye huwa hatikisiki. Na mimi, katikati ya furaha hiyo, machozi yakanitoka. Nikasingizia upepo.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa nimefungua daftari lake la mbio. Ndiyo, nimepekua. Naishi naye tangu Mama afariki, miaka mitatu sasa, na sijawahi kuligusa.

Humo hamna hesabu za pesa. Ni sababu tu: kwa nini nimebeti, kwa nini sikubeti. "Sikubeti" ni nyingi mno kuliko "nimebeti". Tunaweza kwenda Thurles, tukanywa supu, tukatazama mbio saba, tukarudi bila kuweka hata senti, na yeye akaiita siku nzuri. Watu kijijini humzuia mlangoni mwa duka: Malachy, nani anashinda Jumamosi? Anawaambia hilo ni swali la mtu anayetaka kufilisika. Uliza kama bei anayowekewa farasi ni kubwa kuliko nafasi yake ya kushinda. Basi. Miaka hamsini amekula kwa swali hilo moja, na paa la nyumba hii limetoka hapo.

Kuanzia Aprili mistari inapandana. Septemba siwezi kusoma chochote.

Nilimuuliza jioni. Kasema taa ya jikoni mbovu.

Jumanne, 22 Oktoba

Limerick, kwa daktari wa macho. Kumfikisha kule nimetumia vitisho, machozi na keki ya tufaha.

Daktari Prendiville kwa umri ni msichana kwangu, lakini hana maneno mengi, na hilo Baba kalipenda. Jicho la kushoto — presha ya macho ililimaliza zamani, hilo tulijua. La kulia ni mtoto wa jicho, mzito, na anazidi. Atolewe, na upesi. Akiachwa, mwakani Baba hata mlango hatauona. Katika wagonjwa ishirini wa namba hii, kumi na tisa wanaona vizuri.

"Na wa ishirini?" Baba akauliza.

Hakumficha. Wa ishirini anaweza kulipoteza jicho. Na yeye hana lingine.

Tulipoingia garini tu: "Moja kwa kumi na tisa! Nihatarishe kumi na tisa nipate moja? Hata mlevi habeti kwa bei hiyo."

Nikamwambia siyo mbio hizi, Baba!

"Kila kitu ni mbio. Sibeti."

Nikapandisha sauti. Nikamwita mjinga, Mungu anisamehe. Akasema nisimpigie kelele, naendesha.

Jumatano, 23 Oktoba

Sijasema naye kutwa. Kanikaangia mayai ya kuomba radhi. Yameungua chini, na ganda moja limo ndani. Nimeyala yote.

Alhamisi, 7 Novemba

Thurles tena. Wiki mbili hizi hospitali haitajwi. Nikiitaja anawasha redio.

Baba alipokwenda chooni (kwa kuhesabu nguzo, najua sasa) Con alinivuta kando. Mzee wako mwaka huu ananimaliza, akasema. Tangu nianze kazi hii hajawahi kuwa mkali hivi. Anakula nini? Nikasema anakula mayai.

Tumebeti mara moja tu. Farasi jike mmoja, Kilcash Annie, nilimwambia Baba masikio yake yako mbele muda wote, kama anayesubiri kuitwa. "Masikio hayakimbii," akajibu. Nane kwa moja. Akawa wa pili, kwa urefu wa pua tu! Baba hakujuta. Bei ilikuwa sawa, akasema, na kwa bei ile angeweka tena kesho.

Hapo ndipo nilipopata la kusema. Tulikuwa garini, mvua imefunika vioo, namimina chai kutoka kwenye chupa.

Nikamuuliza: Baba, dau lako ni nini?

"Dau gani?"

La hospitali. Unaweka nini mezani?

"Jicho langu."

Jicho lipi? Hili lililomwita farasi mweupe mwekundu?

Hakujua kwamba siku ile niligundua.

Nikaendelea, maana niliogopa nikisimama sitaanza tena. Nikamwambia jicho hilo linakwisha lenyewe, ubeti usibeti. Mwakani halina kitu. Kwa hiyo unaweka kitu ambacho kimeshaanza kukutoka mkononi, na ukishinda unapata farasi wote wa Ireland, na daftari lako, na uso wangu, ingawa huo wa bure. Hiyo siyo moja kwa kumi na tisa! Umeisoma bei kinyume. Wewe!

Alikunywa chai yote kwanza. Chai ya moto kabisa.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Wewe, mzee mkaidi.

Akacheka kidogo. Tukafika karibu na nyumbani ndipo akasema, haya, mpigie yule msichana wa Limerick.

Jumapili, 10 Novemba

Tumepewa tarehe ishirini.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Na kuna kidudu kibaya ndani yangu, nakiandika hapa ili kisiandikwe kwingine: akiona tena, mimi wa nini pale relini? Nina miaka hamsini na nne, napika shuleni kwa watoto wasiokula karoti. Alhamisi zile ndizo nzuri kuliko siku zangu zote. Nimeona haya. Nimekwenda kupiga pasi mashati yake manne, na huko anahitaji moja tu.

Jumatano, 20 Novemba

Hospitali. Naandikia magotini, juu ya koti la Baba.

Kaamka mapema, kajinyoa mwenyewe, kajikata mara mbili. Hapa tulikaa kwenye viti vya plastiki, yeye na gauni lao lenye kamba mgongoni, soksi zake za sufu chini. Mdogo hivi! Nilimshika mkono na hakuutoa.

Akasema, Ita, nikuambie kitu kabla hawajanichukua.

Nikadhani ni kaburi la Mama, au nyumba.

"Tangu Machi sijaona farasi hata mmoja."

Sikuelewa. Nikamwambia haiwezekani, mwaka huu wote umebishana nami, kila farasi.

"Nilikubishia usije ukavimba kichwa." Kisha: "Mara zote niliweka ulichosema wewe. Zote. Con analia kwa ajili yako, mwanangu, siyo yangu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbusu. Nikabaki namfunga kamba ya gauni ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu, akamwita Bwana Tuohy. Baba akapanda mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Walipoanza kusukuma akageuza uso upande wangu. Alikosea kidogo, akautazama ukuta.

"Nikitoka naona, bado uniambie," akasema. "Umenisikia? Usiache."

Nimekusikia, nikasema.

Dakika ishirini, muuguzi alisema. Zimepita thelathini na tano. Mlango umefunguka mara mbili: mara ya kwanza mama mmoja na bandeji, mara ya pili mtu wa kufagia. Nasikia magurudumu. Mlango unaf—