Skrini ya Kituoni na Likizo Yangu

Chumba Na. 6,
Kambi ya Wajenzi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada,

Hamjambo hapo nyumbani? Na mama, macho yake yanaendeleaje tangu apewe yale matone? Mimi mzima, ila kila asubuhi mgongo unanikumbusha kuwa zege si pamba.

Dada, kituo chetu cha basi kimewekewa skrini. Inaandika namba ya basi na dakika zilizobaki kabla halijafika. Wenzangu wanaishangilia. Mimi niliitilia shaka tangu siku ya kwanza. Kitu kisicho na macho kinajuaje basi liko wapi?

Na sikukosea. Jumatatu iliandika dakika tatu, mbili, moja, kisha basi likafutika na barabara tupu. Nikachelewa kazini. Jumanne hivyo hivyo. Msimamizi akaniambia, "Mara ya tatu, sahau likizo." Nilipomweleza habari za skrini alicheka. "Mashine haidanganyi, bwana. Wewe ndiye unayelala."

Ijumaa ikaandika dakika nne. Nikasema hainipati tena, nikashika njia kwa miguu. Fundi bomba ninayekaa naye chumba kimoja akaniita, "Kaka, subiri! Leo linakuja!"

"Lisubiri wewe na mganga wako huyo wa ukutani!"

Hata darajani sijafika, basi likanipita. Yeye yuko dirishani, ananipungia mkono. Nilikimbia, dada, kwa umri huu na buti za zege. Nikachelewa dakika ishirini.

Likizo imefutwa. Hilo ndilo nililokuwa ninalizunguka tangu mwanzo. Mwezi ujao siji. Fundi bomba anasema kosa ni langu, na huenda ni kweli. Lakini ile skrini bado naitazama kwa jicho la pembeni. Kwa nini iseme kweli siku ile tu niliyoikataa?

Wanasema labda Oktoba. Siwaamini, kwa hiyo usimtajie mama mwezi wowote. Najua ameshaanza kuhesabu siku.

Nisalimie shemeji, shangazi, na yule kitindamimba wako mtundu. Mungu awafunike kwa heri, mlale na kuamka salama.

Mama msomee salamu za juu na hizi za chini. Hapo katikati uruke.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.