Sosi ya Mtu Mmoja Inaniungulia, Nichague Sufuria Gani?

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu nyingi, naomba msaada wako katika jambo la sufuria, na tafadhali usigeuze ukurasa, maana najua wenzangu wanakuandikia mambo ya ndoa na mirathi na mimi nakuja na sufuria, lakini nisikilize mpaka mwisho kwa sababu anayekuandikia si mtu wa hivi hivi.

Mimi ni mpishi. Sisemi mpishi wa kukaanga mayai, nasema mpishi, nimepika melini mpaka mawimbi yakanizoea, nimepika hotelini ambako wageni walikuwa wanaomba kuja jikoni kunishika mkono, na miaka yangu ya mwisho nimepika kwenye kambi ya machimbo, wanaume mia tatu wanatoka chini ya ardhi na vumbi mpaka kwenye kope na wote wananiangalia mimi, wakaniita Kamanda, na ingawa shule niliiacha darasa la tano, mainjinia walikuwa wanapanga foleni mbele yangu na sahani zao, kimya kama watoto wa chekechea. Sosi yangu ya nyanya, na ile nyeupe ya siagi, unga na maziwa, nilikuwa nazipika kwenye sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na mwiko wake nilikuwa naushika kwa mikono miwili kama jembe.

Sasa nimestaafu. Nina chumba, sebule na jiko, ghorofa ya tatu, mama watoto alitangulia mwaka jana, Mungu amrehemu, na yeye akiwa hai hakuniruhusu hata siku moja kushika mwiko nyumbani, alikuwa anasema, "Wewe umechoka na majiko ya watu, hapa kaa nikupikie," na mimi nikakaa, kwa hiyo, mshauri, amini usiamini, bingwa mzima kwenye jiko la nyumba yangu ni mgeni, hata chumvi niliitafuta mpaka nikakata tamaa, kumbe alikuwa anaihifadhi kwenye kopo la majani ya chai.

Shida yenyewe ni kwamba mkono wangu haujui kidogo. Nikichota unga, unatoka unga wa kambi. Nilinunua sufuria yenye mpini, ndefu, kuta zimesimama wima kama askari wa gwaride, nikapika sosi nyeupe, ikajaa mpaka juu, nami nikajisemea si vibaya, nina majirani, nikagawa kwenye vibakuli vya plastiki vyenye mifuniko, nikabisha mlango kwa mlango, na wote wakapokea kwa tabasamu, "Asante mzee wetu, tamu sana," mmoja akasema tamu kabla hata hajafunua. Nikaona nimepata kazi tena. Kila nikipika nagawa, kila nikigawa nasifiwa, nikawa natembea kwenye ngazi kifua mbele.

Mpaka siku nilipokwenda kutupa taka, nikafungua pipa letu pale chini, nikakuta sosi yangu imelala juu ya maganda ya viazi, na vibakuli vyangu kando yake, vingine bado na mifuniko, havijafunguliwa. Mshauri, nimeona dhoruba baharini, sikutetemeka. Pale kwenye pipa nilisimama na ndoo yangu mpaka mlinzi akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana, naangalia hali ya hewa.

Na si kwamba sikuonywa. Chini kabisa anaishi fundi cherehani, mama wa makamo, mjane, kibakuli changu alikuwa amekirudisha mwenyewe kimeoshwa, amepanda ngazi zote hizo anahema, akaniambia, "Jirani, sosi yako imeungua chini. Punguza moto, na ukoroge mpaka kwenye kona." Kona. Ananifundisha mimi kona. Nikamwambia, "Mama, mimi nimelisha wanaume mia tatu, hakuna aliyewahi kulalamika." Akanijibu, "Hao walikuwa na njaa, jirani." Tangu hapo napita mlangoni kwake shingo juu, simsalimii, na yeye cherehani yake inanguruma tu.

Lakini baada ya lile pipa nilirudi nikaichunguza sufuria, na kweli unga unajificha kwenye kona ya chini, mwiko wangu ni mpana, haufiki, pale ndipo inapoungulia. Basi nikaenda dukani kutafuta nyingine, wakanionyesha ya aina ya pili, chini ni ya mviringo kama bakuli, kuta zimelala kwenda nje, kubwa na ndogo. Binti wa duka akaniuliza, "Mzee wangu, mko wangapi nyumbani?" Nikamwambia saba. Sijui ilitoka wapi. Akaniletea ile kubwa, nami nikasema narudi sasa hivi, nikatoka, sijarudi. Mwanangu wa kike aliyeolewa mbali alipopiga simu akasema, "Baba, si uchukue ile ndogo, uko peke yako," nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata, na mtandao ulikuwa mzima.

Sasa nijibu, nichukue ya kuta wima au ya kuta zilizolala, na kubwa au ndogo? Nataka sosi ambayo mtu ataila, akae palepale mezani, aimalize, na mimi nimuone. Sina zaidi.

Ni mimi, Kamanda wa Jiko.

MSHAURI ANAJIBU

Kamanda, vua kofia ukae.

Nitaanza na sufuria kwa sababu ndiyo uliyoniuliza, nisije nikaambiwa nimekukwepa. Kwa sosi ya unga na maziwa chukua ile ya kuta zilizolala, yenye chini ya mviringo, haina kona ya kuficha unga na mwiko unapita kote. Kwa sosi ya nyanya pia inafaa, mdomo wake mpana unatoa mvuke haraka, nyanya zinakuwa nzito bila kukesha nazo. Ile uliyo nayo usiitupe, ni nzuri kwa kuchemsha maziwa na kuweka mchuzi usipoe. Ukubwa, chukua ya kati ikiwepo, na kama hakuna, ile ndogo, iwe na kitako kizito. Ukipika kidogo kwenye kubwa, sosi inatandazika kama rangi ukutani na inakauka kabla hujageuka. Na unga upime kwa kijiko. Mkono wako bado uko kambini, hauwezi kuaminiwa.

Sasa tuseme ukweli. Watu saba, kaka yangu? Ulimdanganya binti wa watu aliyetaka kukuuzia sufuria inayokufaa, ukamkatia simu mwanao, na yote hayo ili usitamke neno moja, peke yangu. Neno hilo halina aibu. Umefiwa, nyumba imekuwa kubwa, na kopo la chai lina chumvi. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, na pole yangu ni ya kweli.

Lakini majirani zako umewakosea pia. Hukumuuliza hata mmoja kama anakula sosi nyeupe. Unabisha, unakabidhi, unasubiri kusifiwa, unaondoka. Hiyo ni kambi, mtu na sahani yake, foleni isonge. Hakuna uliyemwambia karibu ndani. Walikusifu ili wafunge mlango kwa adabu, na kutupa chakula cha mtu ni ubaya, hilo siwatetei.

Halafu kuna fundi cherehani. Hebu fikiri, wewe uliyezunguka dunia. Alijuaje kwamba imeungua chini? Harufu hupanda juu, lakini vipande vilivyoungua huzama chini ya kibakuli, huvifikii mpaka umalize. Kwenye jengo zima huyo peke yake ndiye aliyekula sosi yako, akaimaliza ilivyo, akaosha kibakuli, akapanda ngazi na pumzi zake hizo kukuambia ukweli, nawe ukamnyima salamu. Uliyekuwa unamtafuta alisimama mlangoni kwako na ukamhesabia wanaume wa machimbo.

Sisemi umuoe, usije ukaniandikia tena kwa hasira. Nasema rudi dukani, nunua sufuria. Jaribu sosi mara kadhaa, yako mwenyewe, na uile ukiwa umekaa, kwenye sahani, si kwa mwiko umesimama jikoni. Ikitoka safi, shuka mchana wakati anashona. Mwambie, "Ulisema kweli, iliungua." Uishie hapo, melini usikutaje. Kisha muulize yeye anapenda kula nini, na siku gani ana nafasi ya kuja kukaa mezani. Akikataa, msalimie kesho yake vilevile, na keshokutwa.

Na siku hiyo ya kushuka, Kamanda, usibebe chakula. Bisha hodi mikono mitupu, usubiri afungue.