Spika Unazotaka Kumtumia Baba

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa wangu. Yule mdogo kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka linasahau. Mimi nimenenepa, nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Ukuta wa mbele tumeupaka rangi. Mama anasema ni krimu, fundi anasema ni njano, na mimi naishi na wote wawili, kwa hiyo sina maoni.

Sasa lile la spika. Umeandika kwamba Baba amekuomba umtafutie mpya na umeshaanza kuulizia madukani. Dada, subiri kwanza.

Ulipoondoka alikuwa bado kwenye miaka yake ya kubadilisha: amplifaya moja inaingia kwa mlango wa mbele, nyingine inatoka kwa mlango wa nyuma, na Mama katikati anauliza ni lini sebule itakuwa ya watu. Kisha siku moja akaacha. Alichonga makasha ya spika kwa mkono wake, akachora chaki sakafuni pa kuweka kiti chake, akatangaza kwamba seti ya kuishi nayo maisha hainunuliwi, inazoewa. Asiguse mtu kitu. Itakolea yenyewe.

Na kweli, kila mwaka alisema inazidi kukolea. Wageni walikalishwa, wakanyamazishwa, wakaulizwa, "Mnasikia hayo matoazi?" Ole wake aliyekohoa.

Haikukolea, Dada. Masikio ya Baba ndiyo yanayoondoka, na yameanza na sauti nyembamba: filimbi, matoazi, sauti za wajukuu. Ndiyo maana ukipiga simu anasema mtandao mbovu na kumpa Mama. Kila aliponung'unika kwamba muziki umefifia, Mama alipita na kitambaa cha vumbi, akazungusha kidogo kile kitufe cha sauti nyembamba. Niliwahi kumfuma. Akanitolea macho: "Nini? Nafuta vumbi."

Kesho yake Baba akawa na furaha kama bwana harusi. Ningesema nini?

Kwa hiyo seti ya Baba imemridhisha miaka yote hii, tena bila kubadilishwa hata waya, kama alivyoapa. Tatizo ni sisi wengine tunaosikia. Jirani yetu mshona nguo hufunga madirisha hata kukiwa na joto. Alinisimamisha kwenye ngazi: "Hivi baba yenu anapiga muziki au ananoa visu?"

Mwezi uliopita Mama aliniita jikoni, mikono imejaa povu. "Mwanangu, kile kitufe hakizunguki tena. Kimefika mwisho." Alisema kama mtu anayetangaza kwamba unga umekwisha na maduka yamefungwa. Baba naye akaamua spika zimechoka. Ndipo akakuandikia wewe.

Jana baada ya chakula cha mchana alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Aliinuka kwenye kiti chake. "Kaa wewe. Uniambie ukweli."

Nikakaa. Akaweka santuri ya tarumbeta. Dada, ilikuwa kama mtu anakwangua sufuria ndani ya fuvu langu. Machozi yakanitoka. Baba hakutazama spika hata kidogo. Alisimama mbele yangu, ananitazama usoni.

"Vipi?"

"Tamu, Baba."

Alinitazama tena, kisha akamtazama Mama aliyekuwa mlangoni. Mama akaangalia sakafu.

"Kumbe spika hazina kosa," akasema. Akazima, akatoka kwenda kumwagilia maua.

Kwa hiyo usinunue. Hata ungenunua za bei gani, zingefika na kukuta kosa liko palepale, na yeye sasa analijua. Hajaiwasha seti yake tangu jana.

Leo asubuhi nilijikaza. Alikuwa anasoma gazeti. Nikamwambia taratibu, kwa heshima zote, "Baba, kuna daktari wa masikio, ningependa twende wote." Akafungua ukurasa mwingine. Sijui hakusikia au hakutaka. Na maneno yale, Dada, hayasemeki kwa kupayuka. Jirani angeyasikia kabla yake. Nikaja huku nyuma kukuandikia.

Nisalimie shemeji, na wapwa wote uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mama anakukumbatia na anauliza kama unakula vizuri. Mungu awalinde nyote na awafungulie njia ya kuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyejua la kufanya,

Kitindamimba