Meno ya Mwonja Zabibu

Jumatatu, 6 Februari 1995
Nina bahati ya meno. Wenzangu walirithi ng'ombe, mimi nilizaliwa na meno. Miaka arobaini na mbili, nimefika Mombasa, nimefika Lusaka, sijawahi kung'olewa hata moja. Ndiyo maana Mzee Chilongani kanipa kazi ya kuonja shambani kwake. Kila mstari nang'ata punje ya ncha ya kishada, maana za juu huiva kwanza na hudanganya. Nikisema tayari, Mama Sechelela na wanawake wake wanakata. Asubuhi zabibu, mchana zabibu. Ugali nawaachia wasio na bahati. Nikimaliza tu, nasugua kwa mkaa na chumvi papo hapo. Meupe pee.

Jumatano, 8 Februari
Meno yamekufa ganzi. Nimesugua zaidi. Chai ya moto imenipiga mpaka sikioni. Mama Sechelela kaniona. "Shemeji, leo chai ndiyo inakung'ata?" Nimemjibu nawaza siasa. Kacheka.

Alhamisi, 9 Februari
Tajiri wa Dar anakuja Jumatano na lori lake mwenyewe. Zamani ushirika ulibeba zote, tamu na kali. Sasa soko huria. Asipozipenda anageuza lori, na Mzee anabaki na zabibu zake.
Nimeonja mstari wa chini. Punje ya ncha ngumu, nimeiogopa. Nimechukua ya juu, nimeibonyeza kwa ulimi. Tamu. Nimesema tayari.

Jumamosi, 11 Februari
Kali kama ndimu. Mstari mzima umeshakatwa. Mzee kamwambia Mama Sechelela kakata bila kuambiwa. Mama kaapa kwamba aliambiwa. Mzee kanigeukia mimi. Nikatazama viatu vyangu.
Kafukuzwa. Mjane, watoto wanne.
Mimi mshenzi.

Jumapili, 12 Februari
Kanisani nimeimba kwa midomo tu. Upepo ukiingia, meno yanalia. Kiti cha Mama Sechelela kilikuwa kitupu. Sikukaa mpaka mwisho.

Jumatatu, 13 Februari
Hospitali ya Mvumi. Tabibu wa meno binti mdogo kabisa. Kaniamkia shikamoo, halafu kanikaripia. "Baba, tunda ni zuri, lakini siyo kutwa nzima! Ukali wake unalilainisha jino, na wewe hapo hapo unalikwangua kwa mkaa." Nile zabibu pamoja na chakula, basi. Nikionja nisukutue kwa maji, ningoje kama saa moja ndipo nipige mswaki. Mkaa nimwachie mpishi. Nimeuliza lililolika litarudi lini. Halirudi.
Kwenye basi la kurudi sikumsimulia mtu kitu. Mimi!

Jumanne, 14 Februari
Nimemwambia Mzee. Ni mimi niliyesema tayari. Nilionja ya juu kwa sababu meno yananiuma. Kanitukana kwa Kigogo, Kiswahili hakikumtosha. Kuonja kampa Mama Sechelela, mimi nibebe kreti. Sawa.
Nimekwenda kumwita mwenyewe. Hakunikaribisha ndani. "Shemeji, uliniacha nionekane mwongo mbele ya wenzangu." Kachukua mkasi wake, katangulia njiani. Nimemfuata nyuma nikimweleza habari ya kusukutua. Akarudi kuchukua kidumu cha maji.

Jumatano, 15 Februari
Lori limeondoka limejaa. Tajiri kang'ata punje nne, zote za ncha, katikisa kichwa kwa raha. Mgongo unaniuma kwa kreti. Mama Sechelela kaniachia ugali na mlenda chini ya kifuniko.
Nimekula taratibu, upande wa kushoto. Kulia hakuna cha kutafunia. Magego mawili yaling'olewa Lusaka, na nililia mpaka daktari akaita mwenzake aje kunishika. Nilichoandika Jumatatu ile ya kwanza ni uongo. Bahati ya meno sijawahi kuwa nayo.