Mvua ya Kayenze Haijazi Kichupa

Kayenze, Ilemela
9 Machi 2025

Mwanangu Alexander,

Marahaba naitanguliza, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika. Wewe je, na mkeo Rebeka kifua kimepona? Kuku wanataga, mihogo imesimama, na Mzee Maige, mdogo wa babu yako, anakusalimia.

Kichupa cha kupimia mvua nilikipokea kwa Paulo wa melini, kimefika bila ufa. Umeniokoa. Kile cha baba yako kiliponivunjikia mwezi wa pili niliona aibu kuwaeleza watu wa hali ya hewa, wangesema mjane ameshindwa kazi ya marehemu. Sasa kila siku saa tatu asubuhi nayamimina maji ya kipima mvua humo, nasoma, najaza kadi kama baba yako Ndalahwa alivyonifundisha.

Lakini kuna jambo. Alhamisi mvua ilinyesha saa mbili nzima, ya kupiga bati mpaka hatusikilizani. Beseni la uani lilijaa. Kesho yake nikapima: milimita kumi na moja. Kumi na moja, Aleki! Mimi nimepika uji wa shule miaka kumi na tisa, kipimo nakijua kwa macho. Kuna mtu anayapunguza maji kabla sijafika.

Anayeamka kabla yangu katika ua huu ni mmoja tu, na ni dada wa baba yako. Tangu siku za msiba Dorotea anasema kadi ile ilitakiwa ibaki kwa damu ya Ndalahwa, siyo kwa mke. Kadi ikiharibika mikononi mwangu itakwenda kwa nani? Nimekaa naye miaka ishirini na mbili tangu aachike kwa mumewe, nimemvumilia mengi. Nikimkamata kwa hili, anatoka hapa na kitanda chake.

Usipige simu. Ukuta wetu mwembamba na yeye masikio anayo. Andika.

Mama yako.


Bukoba
15 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kifua cha Rebeka kimetulia. Pole na magoti, ile dawa ya kuchua imeisha? Huku inanyesha kila siku, nguo hazikauki, soksi zangu nazianika juu ya jiko.

Na jibu lako liko hapo hapo kwenye soksi. Usinicheke, kufundisha jiografia ndiyo kazi inayonilisha. Pepo za msimu zinatoka Bahari ya Hindi zimebeba mvuke mwingi. Njiani zinakutana na milima, Usambara, Upare, Kilimanjaro, na nyanda za juu za Kenya. Upepo hauwezi kutoboa mlima, inabidi upande. Ukipanda unapoa, ule mvuke unageuka mawingu, na mvua inamwagika upande unaotazama bahari. Ukishuka upande wa pili umeshakauka, ndiyo maana wenzetu walio nyuma ya milima wanalia ukame wakati wale wa mbele wanachuma chai. Halafu upepo huo unafika ziwani, unachota maji upya, unayasukuma magharibi na kugonga vilima vya huku kwetu. Basi Bukoba tunapata karibu mara mbili ya mvua yenu. Ninyi mpo mahali upepo unapoanza tu kuchota.

Kwa hiyo kumi na moja yako isikutishe, na Shangazi tafadhali muache. Siku nilipoungua mguu kwa maji ya mihogo wewe ulikuwa shuleni kwenye uji. Aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati ni yeye.

Mwanao.


Kayenze
27 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya soksi. Huku tumeamka salama. Dawa ya kuchua imebaki kidogo, usihangaike kwanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ni nzuri, inafaa mtihani. Sasa nijibu mimi niliyeishia darasa la saba: Kilimanjaro umehamia pale lini? Baba yako alipima miaka thelathini na moja, milima yote ikiwa pale pale na upepo ule ule, na mvua ya kujaza beseni ilimpa ishirini na tano, ilimpa thelathini. Kadi zake zimo sandukuni, nimezitoa nikazitazama moja moja. Mlima wa tangu zamani hauwezi kuanza kutunyima mvua mwezi huu.

Basi nikafanya langu. Nilimwaga majivu kuzunguka kipima mvua, nikaenda zangu kulala. Jumanne asubuhi nikakuta alama za kandambili. Ni za Dorotea, zile zilizolika kisigino upande mmoja, hakuna mwingine mwenye mwendo ule. Nikamwita Mzee Maige tukakaa kikao sebuleni. Dorotea akasema alipita akifagia. Nikamwuliza, mtu anafagia vipi akaacha majivu? Akasema aliyaacha kwa sababu alijua ni mtego wangu, hakutaka kunikosesha raha. Halafu akacheka. Alicheka, Aleki, mbele ya Mzee Maige, na mzee naye akainamisha kichwa nisimwone meno.

Nimempa mpaka Pasaka. Akikiri, yaishe. Asipokiri, atafute pa kwenda.

Mama yako.


Bukoba
4 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi wazima, ila yako ya mwisho imenikosesha amani.

Kuhusu milima umenishinda. Nimeitafuta sababu darasani na nyumbani, sijaipata. Lakini alama za kandambili katika ua wa mtu anayeishi hapo hapo zinathibitisha nini? Ungeziona zangu ungesema ni mimi? Shangazi ana miaka sitini na nne, hana mtoto, wazazi wake wote wamelala hapo nyuma ya zizi. Akitoka kwenu anakwenda wapi? Kwa nani?

Nakuomba kwa magoti, usimtoe mpaka nije likizo ya mwezi wa sita tuzungumze sote watatu. Mwenyewe nimemwandikia mistari miwili ya kumtuliza, nimempa Paulo pamoja na hii.

Mwanao.


Kayenze
17 Aprili 2025

Alexander,

Marahaba. Sisi wazima. Nasema sisi kwa mazoea, niko peke yangu.

Kumbe mnaandikiana. Paulo aliitoa barua ya Dorotea kwanza ndipo yangu, nikaona. Yako kwangu ilikuwa ukurasa mmoja. Yake sijui ilikuwa kurasa ngapi, bahasha ilifungwa kwa gundi.

Dorotea hakusubiri Pasaka. Jumatatu aliita guta, akapakia kitanda, jiko na lile begi alilokuja nalo. Amepanga chumba Buswelu. Kwangu hakuaga. Alifagia kwanza ua wote mpaka nyuma ya choo, akauegemeza ufagio mlangoni kwangu, akaondoka.

Tangu hapo imenyesha mara tatu. Tisa. Saba. Kumi na mbili. Siku ile ya kumi na mbili ndoo ya Mzee Maige ilifurika. Kufuli la geti nimebadilisha, kwa hiyo si Dorotea anayepanda bodaboda kutoka Buswelu kuja kumwaga maji, ingawa hata hilo nimeliwaza. Basi ni nani? Mzee Maige naye siku hizi akinisalimia hanitazami usoni. Na wewe, una uhakika hakuna unachokijua?

Mama yako.


Bukoba
22 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Pole na upweke, Rebeka naye anakupa pole. Nasikitika sana kwa Shangazi, na mistari niliyomwandikia ilikuwa miwili kweli.

Nina ombi kabla ya neno lingine lolote. Geuza kichupa nilichokutumia, unisomee namba iliyoandikwa kwenye kitako chake. Halafu chukua futi ya fundi cherehani, upime mdomo wa kipima mvua kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kwa inchi. Unijibu kwa meli ya kwanza itakayopatikana.

Kwa sasa usimshuku mtu yeyote, na mimi nikiwemo.

Mwanao.


Bukoba
10 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Hii ni wiki ya tatu sijapata jibu. Simu yako inaita tu. Paulo anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaifunga kwenye pindo la kanga na kumwuliza kama ameifungua. Nashukuru kusikia unatembea na sauti unayo.

Basi acha niseme mwenyewe ninachokiogopa. Kila kipima mvua kina kichupa chake. Cha shule yetu kina mdomo wa inchi nane, na kichupa chake kimechorwa mistari kwa hesabu ya inchi nane. Uliponieleza kuwa cha baba kimevunjika, niliingia stoo nikachukua cha akiba, sikusoma chochote, nikaona kichupa ni kichupa. Nadhani kipima mvua cha baba ni cha inchi tano, maana nakumbuka alikuwa anakifunika kwa kisahani cha chai akienda kusafisha kichupa. Mdomo mdogo unakinga maji machache. Ukiyamimina katika kichupa cha mdomo mkubwa yanaishia chini huko, hata kama mbingu zimefunguka. Kama ndivyo ilivyo, kila namba uliyoandika izidishe kwa mbili na nusu na ushee, maana eneo la mdomo wa inchi nane ni mara hizo la ule wa inchi tano. Kumi na moja yako ya Machi ilikuwa ishirini na nane.

Hakuna aliyepunguza maji, Mama. Ni mimi. Nilikuandikia habari ya upepo na milima, na yote ni kweli, mpaka leo Bukoba inaishinda Mwanza kwa mvua kwa sababu hizo hizo. Ila niliikimbilia kwa kuwa naijua na inanipendeza kuieleza, sikuangalia kitu nilichokifunga kwenye gazeti kwa mikono yangu. Na mimi ndiye mwalimu wa jiografia. Naona aibu kumwandikia Shangazi.

Tafadhali mwendee.

Mwanao.


Kayenze
19 Mei 2025

Mwanangu Aleki,

Marahaba, baba. Mimi mzima wa mwili. Rebeka mwambie asante kwa dawa ya kuchua, nimeanza kuitumia.

Jibu nilikunyima kwa makusudi. Nilisema moyoni, huyu ameshazungumza na Dorotea, sasa wananitafutia kosa waseme nimezeeka na kadi ichukuliwe. Lakini kichupa nilikigeuza siku ile ile ya barua yako. Kimeandikwa 8. Nikaenda na futi nje, nikapima mdomo, nikapata tano. Nikajua hapo hapo, kabla hujanieleza. Mpishi anajua kikombe kisichokuwa cha sufuria lake. Tena nilikiona kinene tangu siku ya kwanza, nikasema moyoni kuwa hata vichupa vya Bukoba vimeshiba ndizi. Nimekaa na jambo hilo wiki tatu, natoka naingia, kwa ajili ya kichwa changu kigumu.

Juzi Jumamosi nilikwenda Buswelu. Nilibeba dagaa na sukari kilo mbili. Dorotea anakaa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kimoja, na nje kumefagiliwa. Akasema karibu mgeni. Akaniwekea kiti, akakitandika kitambaa, akanikorogea chai, yeye akageuza ndoo akaikalia. Miaka ishirini na mbili hatujawahi kupeana kiti mimi na yeye, kila mtu alikuwa anajikalia tu. Nikamweleza habari yote ya inchi tano na inchi nane, mpaka hiyo ishirini na nane yako. Nikamwomba radhi kwa mdomo wangu, sikumtuma mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Halafu akasema, "Hicho kichupa kimekuja mwezi wa pili, wifi. Hizo funguo za kabati ulianza kuzifunga kiunoni mwaka gani?"

Nilianza mwaka 2003, wiki ile ile aliyofika, na hajawahi kuchukua hata kijiko. Nikanywa chai nikamaliza. Akanisindikiza mpaka barabarani, akasubiri nipate gari, akaniambia nisalimie nyumbani. Hakusema atarudi, wala hakusema hatarudi.

Watu wa hali ya hewa nimewaandikia. Kosa nimelitaja, na namba nimeziweka zote, za kichupa na za kweli. Hiyo imekuwa kazi nyepesi. Siku moja nzima nilijaribu kukulaumu wewe na Bukoba yako, nikaona moyo hautulii. Wewe ulikosea kichupa tu. Yale mengine niliyafanya mimi, na ningeyafanya hata kichupa kingekuwa sahihi. Nina aibu, mwanangu, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Jumamosi nakwenda tena. Nampelekea funguo za kabati, zote tatu, na safari hii kwenye ndoo nitakaa mimi.

Mama yako.