Kambo, Kiziwa Chako Hakifukiwi

Kambo,

Hakuna mbu katika avenyu yetu aliyewahi kukutana na minye, mimi mjukuu wako, akabaki hai. Minye ndiye sultani wao, Shituru nzima. Nasikia hata wale wa ng'ambo ya reli wakinusa jasho langu wanageuza njia. Usicheke. Ulinicheka vya kutosha ukiwa hai: "Weye, masomo ilikushinda, lakini kinywa yako iko na diploma." Basi, hiyo diploma ndiyo inakuandikia leo.

Nianze na matanga yako. Watu walikuja wengi kupita unga. Wenzako wa kiwandani, kwaya ya parokia, mashemeji wenye matumbo kama pipa. Bamama wa jikoni wakasonga ugali, wakanitazama: bukari iko, mboga iko wapi? Mtu harudi na njaa kutoka matanga, Kambo. Ingekuwa haya ya jina lako. Nikachukua wavu wako, nikavua kiziwa chako chote nyuma ya nyumba, tilapia wakubwa kwa wadogo. Walikusifu huku wanalamba vidole. Kwa hilo siombi msamaha kwa mtu.

Ila hakuna aliyefikiri ni nani sasa atakula watoto wa mbu. Mvua ikaanza, na maji yakajaa vile vidudu vinavyoning'inia kichwa chini. Koleta, mtoto wa dada, akashikwa na malaria. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini jirani yetu Mama Berita akaleta shefu wa avenyu, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Hii shimo ya muzee inatuua! Muzee alikufa, shimo nayo ikufe!" Shefu akanipa mpaka Jumapili niwamalize hao vidudu. Toroli za mawe zikamwagwa pale pembeni, tayari kwa kufukia.

Minye kunyamaza? Nikamwambia: "Mama Berita, anza na matairi yako nyuma ya choo, mbu wako na mama zao wanazaliwa mule." Watu wakacheka. Yeye hapana.

Kesho yake nikafunga bidoni la maji nyuma ya kinga yako, ile baiskeli, nikapiga pedali mpaka ziwa la Tshangalele. Nikawasaidia wavuvi kuvuta nyavu mpaka mikono ikachubuka, wakanijazia bidoni samaki wachanga. Kurudi, kila nilipokuta mto nilisimama kubadilisha maji, kama ulivyonifunza. Nikafyeka majani ya ukingoni ambako watoto wa mbu wanajificha. Na sikuwatupia samaki hata tonge. Si neno lako? "Samaki mwenye kushiba bukari hafanye kazi."

Jumapili baada ya misa shefu akaja na watu wenye makoleo. Nikachota maji kwa sahani nyeupe, nikamwekea mpaka chini ya pua. Mdudu, hakuna hata mmoja! Mama Berita akaichukua sahani, akaigeuza, akatazama chini yake. Chini ya sahani, Kambo! Sasa ananibembeleza nimpe samaki wa kuweka katika pipa lake la maji ya mvua. Nitampa. Lakini kwanza aniite Bwana Mkubwa, na aseme kwa sauti ileile ya siku ile.

Pumzika sasa. Nikiwa hai, hakuna koleo litakalogusa kiziwa chako. Na siku ya matanga yangu mimi, watu watakula maharagwe.

Jambo moja tu limeharibika, na sijamwambia mtu. Jioni ulikuwa unakaa ukingoni, unagonga kikombe chako cha bati, na samaki wote wanakuja na vinywa wazi, hata kama huna kitu mkononi. Wale waliokujua tuliwala. Hawa wapya nimewagongea, kikombe kilekile, palepale ulipokuwa unakaa.

Wanakimbia.