Kisu cha Porini, Jikoni Kwangu

Jumatano, baada ya isha.

Pori gani, hapa Chaani? Mwanangu Hamisi kaniletea kisu kizito kama nyundo, na ala yake ya kuvaa kiunoni, utadhani nakwenda kuwinda nyati. "Mama, hiki chakata hata tawi." Kitunguu je? Kimekiponda tu.

Tangu mkono uishiwe nguvu, nazi zangu huzipasua mkewe. "Nipe mie, mama, utajiumiza." Jiko langu lanitoka hivi hivi, naliona, na mimi...

Leo nimengoja atoke, nikaigonga nazi kwa mgongo wa kile kisu. Pigo moja, vipande viwili, sawasawa.

Jioni Hamisi kauliza, "Chafaa, mama?"

"Hakifai. Kiache hapa hapa kwangu, kisije kikamkata mkeo."